Bakiza nusu milimita: kunyoa kwa maji bila vipele vya ndevu

Kipele cha ndevu si chunusi, ingawa kwa mbali kinafanana nayo. Kitazame kwenye kioo cha kukuza siku ya tatu au ya nne baada ya kunyoa: utaona uvimbe mdogo, na ndani yake au pembeni yake kimstari cheusi kilichopinda kama ndoana. Huo ni unywele wako mwenyewe. Umetoka kwenye tundu lake, umejipinda, umeichoma ngozi na kuingia tena ndani, milimita moja au mbili tu kutoka ulikotokea. Mwili unaupokea kama unavyoupokea mwiba, na hapo ndipo vinapoanza uvimbe, mwasho na wakati mwingine usaha.

Kuna aina ya pili inayochelewa kuonekana, kwa sababu unywele haukutoka kabisa. Ulikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake kali ikabaki ndani ya tundu, na ulipoanza kukua ukatoboa ukuta wa tundu badala ya kufuata njia ya kutokea. Aina zote mbili huanzia dakika ile wembe unapopita usoni. Anayebadilisha losheni kila mwezi huku akinyoa vilevile anapepea moshi na kuuacha moto.

Wanaosumbuliwa zaidi ni wenye nywele za kipilipili, na sababu ni ya kimaumbile: tundu lenyewe limepinda chini ya ngozi, kwa hiyo unywele unapochomoza huwa umeshaanza safari ya kurudi. Mwaka 2004 watafiti waliripoti pia kwamba tofauti ndogo kwenye jeni la keratini (protini inayojenga nywele na ngozi) iitwayo K6hf humwongezea mtu uwezekano wa kupata vipele hivi. Si uchafu, basi, wala si ngozi mbovu. Mwenye nywele zilizonyooka naye asijione amenusurika. Shingoni, ambako nywele za watu wengi hulala bapa, hata unywele ulionyooka ukikatwa vibaya unazama.

Mtu mwenye tatizo hili asitafute shavu la mtoto mchanga. Atafute kubakiza kishina kifupi juu ya ngozi, tuseme nusu milimita. Hutaipima kwa rula, lakini ndiyo dira ya yote yanayofuata. Unywele wa ndevu hukua takribani milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, kwa hiyo nusu milimita ni kama ndevu za siku moja na nusu. Anayekutazama akiwa hatua mbili mbele yako ataona umenyoa. Kidole tu ndicho kitakachojua, tena kikipita kinyume.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali la kunyoa kila baada ya siku ngapi. Unywele wa kipilipili unahitaji urefu wa milimita moja hadi mbili hivi ili ujipinde na kuifikia ngozi, yaani ukuaji wa siku tatu hadi sita. Anayenyoa kwa upole kila siku au kila baada ya siku mbili anaukata kabla haujafika. Anayeacha ndevu zipite sentimita moja naye yuko salama, kwa kuwa unywele mrefu hujivuta wenyewe kutoka ndani. Aliye pabaya ni yule wa katikati, anayenyoa mara moja kwa wiki, chini kabisa, kila mwisho wa wiki. Huyo anazipa nywele muda kamili wa kuingia, kisha anapitisha wembe juu ya vipele vilivyokwisha kuiva.

Makali mangapi?

Mwaka 1971 kampuni ya Gillette iliingiza sokoni Trac II, wembe wenye makali mawili yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Tangu hapo makali yakawa matatu, manne, matano. Kazi yake ni hii: kali la kwanza linaunasa unywele na kuuvuta nje kidogo, kabla haujarudi, kali linalofuata linaukata, kisha kishina kinarudi ndani na kuzama chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka huo ni ulaini mtamu. Kwa mwenye kipilipili ulaini huo ndio ugonjwa wenyewe.

Ukiweza, tumia kali moja. Mashine ya kunyolea ya chuma inayofungwa wembe wa pande mbili ndiyo chaguo langu la kwanza, na kwenye mashine hizo chagua yenye ukingo uliofungwa, si ile yenye meno kama kitana; yenye meno inauacha wembe wazi zaidi na inafaa ndevu zilizorefuka. Ukiwa na kiwembe cha plastiki cha kutupa, chukua cha kali moja au mawili. Ikiwa huna budi kutumia chenye makali mengi, yote utakayosoma hapa chini yanakuhusu maradufu, hasa suala la kutokandamiza.

Wembe wa pande mbili ubadilishe baada ya kunyoa mara tatu hadi tano. Nywele ngumu huuchosha mapema, pengine mara mbili tu. Dalili si kuona kutu. Dalili ni kuhisi unywele ukivutwa kabla ya kukatika, au sauti inayobadilika kutoka mchakacho mkavu na mwepesi hadi mkwaruzo. Wembe butu una hasara mbili: unauchana unywele na kuuacha na ncha ya mshazari kama mkuki, na unakulazimisha kukandamiza. Wembe mpya nao una tabia yake. Mara ya kwanza huwa mkali kupita kiasi, kwa hiyo siku hiyo punguza mkono zaidi.

Ukimaliza, suuza kwa maji yanayotiririka, kung'uta, uanike mahali pakavu. Usiufute makali yake kwa taulo. Wala usiuache ndani ya kikombe chenye maji bafuni. Na wembe hauazimwi, hata kwa ndugu: damu kidogo isiyoonekana inatosha kupitisha homa ya ini aina ya B.

Nywele zako zinalalia wapi

Hatua hii hufanywa mara moja tu, na karibu kila mtu anairuka. Acha ndevu siku mbili bila kunyoa. Chukua kadi ngumu ya plastiki, ipitishe taratibu juu ya ngozi kavu kwa pande nne: kwenda chini, kwenda juu, kuelekea sikioni, kuelekea puani. Upande ambao kadi inateleza kimya ndiko nywele zinakolalia. Upande inakokwaruza na kutoa sauti ni kinyume chake. Chora uso kwenye karatasi na uweke mishale.

Mashavuni na kidevuni mishale mingi itaelekea chini. Mambo hubadilika chini ya taya. Kwa wengi, nywele za shingoni huota zikielekea juu, au zinakimbilia pembeni kuelekea masikioni, na karibu na kikoromeo unaweza kukuta mzunguko mdogo kama wa maji yanayoingia kwenye tundu. Shingo ya kulia si lazima ifanane na ya kushoto. Sasa fikiria mtu anayeshusha wembe kutoka juu hadi chini shingo nzima, kwa sababu ndivyo alivyoona wengine wakifanya: nusu ya shingo anainyoa kinyume bila kujua, kila siku, na hiyo nusu ndiyo yenye vipele.

Tia maji

"Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Methali hii hutumika kuonyana juu ya mambo mengine kabisa, lakini aliyeitunga alikuwa anajua kunyoa. Unywele mkavu ni mgumu. Ukikaa ndani ya maji ya uvuguvugu dakika mbili hadi tatu huyanywa, huvimba na kulainika, na nguvu inayohitajika kuukata hushuka sana. Unywele laini hukatika bila kuvutwa, na ncha yake huwa butu kidogo. Ncha butu haichomi ngozi kirahisi.

Dakika tatu ni ndefu ukiwa umesimama mbele ya kioo. Njia rahisi ni kunyoa mara tu baada ya kuoga. Usipooga, anza kwa kunawa uso kwa sabuni ya upole, maana mafuta na jasho juu ya nywele huzuia maji yasiingie, kisha loweka kitaulo kwenye maji ya moto wa nyuzi 37 hadi 40, kamua kidogo, funika ndevu. Kitapoa ndani ya dakika moja, kiloweke tena. Mara tatu hivi inatosha. Maji ya kuunguza hayaharakishi kitu, yanaiudhi ngozi tu.

Kabla ya kupaka povu, sugua kwa miduara midogo kwa kitaulo hichohicho, au kwa mswaki laini sana uliotengwa kwa kazi hii, sekunde kumi hadi kumi na tano kila sehemu. Hapa unainua ncha zilizoanza kulala au kujishikiza kwenye ngozi, ili wembe uzikute zimesimama. Fanya kwa wepesi. Penye usaha au kidonda, paruke.

Povu la kunyolea si povu la kuogea

Sabuni ya kuogea hutoa povu jingi la haraka, lenye mapovu makubwa, nalo hukauka kabla hujamaliza shavu moja. Wembe ukipita hapo unakwama, mtu anarudia mara mbili tatu, na mambo yanaharibika. Sabuni au krimu ya kunyolea ina mafuta mengi zaidi na hushika maji.

Ukitumia krimu, robo kijiko cha chai inatosha uso mzima. Ukitumia sabuni ngumu ya kunyolea, zungusha brashi iliyolowa juu yake sekunde 20 hadi 30, kisha endelea kuzungusha kwenye bakuli au usoni huku ukiongeza maji matone machache machache. Watu wengi huishia njiani: wanaona povu jeupe, refu, limesimama kama pamba, wanadhani limekuwa tayari. Hilo ni hewa. Lisugue kati ya vidole viwili; likitoweka na kuacha ngozi inang'ang'ania, bado lina kiu. Ongeza maji, zungusha tena. Lililo tayari linang'aa kidogo, ni zito kama mtindi, halina mapovu ya kuonekana kwa macho, na vidole vikisuguana ndani yake vinateleza hata baada ya jeupe lote kuisha. Mtelezo huo unaobaki ndio unaoilinda ngozi, kuliko urefu wa povu.

Paka kwa miduara kisha liache dakika mbili kabla ya kushika wembe. La kopo la kubonyeza nalo linatumika, ila lina hewa nyingi; lipake juu ya ngozi yenye maji hasa, na ulisugue hadi lipungue.

Wembe usoni

Kwenye mashine ya wembe wa pande mbili, anza kwa kuegemeza kichwa cha mashine shavuni, kipini kikiwa kimenyooka kutoka usoni kama msumari uliopigiliwa ukutani. Wembe haugusi. Shusha kipini polepole huku ukivuta mashine kidogo. Mara utasikia wembe umeanza kukata. Hapo pana pembe ya takribani nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Simama papo hapo. Ukishusha kipini zaidi, wembe unaanza kukwangua ngozi badala ya kukata nywele.

Uzito wa mashine unatosha. Ishike karibu na mwisho wa kipini kwa vidole vitatu, kama unavyoshika kalamu usiyotaka kuivunja, maana mkono unaokamata karibu na kichwa hukandamiza hata mwenyewe asipokusudia. Kukandamiza kunaifanya ngozi ijae mbele ya wembe na kusukuma vishina nje. Wembe unavikata, ngozi inarudi, vishina vinazama. Ni kosa lilelile la makali mengi, safari hii ukilifanya kwa mkono wako.

Kuvuta ngozi kwa mkono wa pili ni kosa la namna hiyohiyo, na ni gumu kuacha kwa kuwa wengi tulifundishwa kuwa ndio ustadi. Ngozi iliyovutwa huinua unywele kutoka kwenye tundu. Ukishakata na kuachia, umezama. Shikilia ngozi isitembee, basi, usiivute. Penye makunyanzi, kunja shingo au elekeza uso upande wa pili mpaka pawe tambarare penyewe.

Mkwaruo uwe mfupi, sentimita mbili hadi tatu. Suuza wembe kila baada ya mikwaruo miwili au mitatu, kwa sababu nafasi kati ya wembe na ukingo ikijaa nywele, wembe unaanza kuruka. Pita mara moja tu kwa kufuata nywele zinavyolala. Sehemu iliyopitwa haina povu tena, na mahali pasipo povu wembe haurudi. Ukiona paliporukwa, paka tena hata kama ni kwa kidole.

Shingo inataka maelezo yake. Tuseme mishale yako inaonyesha nywele za chini ya taya ya kulia zinalala kuelekea sikioni, na zile za karibu na kikoromeo zinalala kuelekea juu. Anza na za kikoromeo: inamisha kichwa nyuma kidogo tu, meza mate na ushikilie ili kikoromeo kipande juu, peleka wembe kutoka chini kwenda juu, sentimita mbili, inua, suuza. Kisha geuza kichwa kushoto, usilitazame dari, na upitishe wembe kwa ulalo kuelekea sikio la kulia. Kuinua kidevu mpaka mwisho kunaivuta shingo nzima kama ngozi ya ngoma, na tumeshaona ngozi iliyovutwa inafanya nini.

Ukimaliza mkondo wa kwanza, osha na utazame. Ikiwa unaweza kuishi na kilichobaki, acha. Ikiwa huwezi, paka povu upya na upite mara ya pili kwa kukingama, yaani kutoka pembeni, mashavuni tu. Kinyume kabisa na nywele usiende, shingoni ndiyo usithubutu. Na uache kupapasa kwa kidole kutafuta penye mkwaruzo. Kidole hakiridhiki, kitakurudisha hapohapo mara tano.

Baada ya hapo

Maji ya baridi, sekunde thelathini. Jiwe la shabu ukilipenda: lilowanishe, lipitishe mara moja, ngoja nusu dakika hadi dakika moja, osha. Shabu hukaza ngozi na kuzuia damu ya mikato midogo, na lina faida nyingine ambayo sioni ikitajwa vya kutosha: linawasha pale tu ulipokandamiza. Mahali linapochoma ndipo mkono wako ulipozidi. Lisipochoma popote, hicho ni cheti.

Kausha kwa kugusagusa taulo, usifute. Paka losheni nyepesi isiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Marashi yenye spiriti yanayotoa machozi huacha ngozi kavu, na tabaka kavu la juu huziba njia ya unywele unaotaka kutoka. Mafuta mazito ya mgando nayo siyapendi usoni kwa sababu hiyohiyo ya kuziba.

Dawa zenye kazi ya kweli ni za kung'oa seli zilizokufa. Asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 husafisha mdomo wa tundu. Asidi ya glaikoliki ya asilimia 5 hadi 10 hufanya hivyo kwa tabaka la juu, na inadhaniwa pia kulegeza vifungo ndani ya unywele ili upunguze kujipinda. Chagua moja. Anza usiku mbili kwa wiki, ongeza ngozi ikikubali. Usipake saa ileile uliyonyoa. Itachoma na kuacha alama. Mpangilio unaofaa ni kunyoa asubuhi na kupaka usiku wa siku inayofuata. Mchana tumia kinga ya jua, kwa kuwa asidi hizi, hasa ya glaikoliki, huweza kuifanya ngozi iumizwe na jua kirahisi, na kipele kikipona juani huacha doa jeusi linalokaa miezi.

Vipele vinasema ulikosea wapi

Jambo la kwanza ni muda. Kama uso unawaka na kuwa na vidoa vyekundu ndani ya saa moja, hiyo si nywele kuingia ndani. Ni ngozi iliyokwanguliwa, na lawama ni ya wembe butu, povu kavu, au mkono mzito. Vipele vya nywele huja siku ya pili hadi ya nne.

Kisha angalia mahali. Vikiwa vimetapakaa kila mahali, unanyoa chini mno: punguza mkondo wa pili au punguza makali. Vikikaa chini ya taya na shingoni peke yake, rudi kwenye karatasi ya mishale. Vikiwa upande mmoja tu, mara nyingi ni upande ulio mbali na mkono unaoutumia, kwa sababu kifundo kinapopinda ili kuufikia, pembe ya wembe inabadilika bila wewe kuona; badilisha unavyoshika, au jaribu mkono wa pili. Mstari wa vipele pale kola inapogusa hutokana na nguo inayosugua nywele na kuzilaza. Hapo nyoa usiku, ili shingo ipumzike kabla ya shati kuvaliwa.

Na kuna vipele ambavyo havihusiani na haya. Kipele chenye usaha ambacho unywele umesimama wima katikati yake ni maambukizi ya tundu. Duara linalopanuka, lenye magamba pembezoni, huenda ni fangasi. Hivyo havitibiwi kwa kubadilisha wembe.

Ukiwa navyo tayari

Weka wembe kando. Wiki nne ndicho kipimo cha kawaida kwa hali mbaya. Katika muda huo punguza ndevu kwa mashine ya umeme ya kukatia nywele, ikiwa na kitana chake, ibakize angalau milimita moja, na usiikandamize. Wiki ya kwanza vipele vinaweza kuongezeka, kwa kuwa nywele zilizokatwa vibaya mara ya mwisho ndiyo kwanza zinaingia, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye wembe. Vumilia; zikirefuka zaidi zinajing'oa zenyewe. Kitaulo cha uvuguvugu dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku, hurahisisha.

Unywele unaoonekana wazi, umejikunja kama kitanzi juu ya ngozi, unaweza kuusaidia. Osha mikono, pangusa sindano na mahali hapo kwa spiriti ya asilimia 70. Pitisha ncha ya sindano chini ya kitanzi, sambamba na ngozi, na uinue mpaka ncha iliyozama itoke. Ukishatoka, basi. Usiung'oe kwa kibano: ung'oaji unampa mrithi wake nafasi ya kuota kutoka chini kabisa na kutoboa ukuta wa tundu. Usiouona usiuchimbe. Kuchimba huleta kovu, na kwa wenye mwelekeo wa kupata makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, kipele kimoja kilichochimbwa kinaweza kuacha uvimbe wa maisha.

Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 hutuliza uvimbe kwa siku chache. Isiwe ya kila siku, maana huipunguza ngozi unene. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5 hufaa penye usaha, ila hupausha taulo na kola, kwa hiyo tumia vitambaa vyeupe. Maumivu yanayozidi, wekundu unaosambaa, homa, au kovu linaloanza kuota ni mambo ya daktari wa ngozi.

Kisogo, kwapa, kinena

Kisogoni hapo ndipo kinyozi hajinyoi. Huoni unachofanya, na ngozi ya hapo hujenga makovu magumu yenye vinundu ikichokozwa kila wiki. Kaa mbali na wembe. Mwambie kinyozi wako aishie kwenye mashine, tena isiyo kwenye sifuri.

Kwapani nywele hulala pande tatu au nne ndani ya kiganja kimoja, kwa hiyo fanya mikwaruo mifupi kwa kufuata kila upande, na dawa ya jasho yenye spiriti isubiri hadi kesho yake. Kinenani anza kwa kupunguza kwa mkasi au mashine hadi milimita tano hivi. Nywele ndefu huziba wembe papo hapo. Loweka dakika tano, si tatu, kwa sababu nywele za huko ni nene na ngozi ni laini. Fuata zinavyolala, pita mara moja, na siku hiyo vaa nguo ya ndani ya pamba isiyobana. Nguo ya kubana huzilaza nywele zinapoanza kuchomoza, kama kola inavyofanya shingoni.

Aliyefanya haya yote miezi mitatu na bado anaota vipele anastahili njia isiyo ya wembe. Krimu za kuyeyusha nywele huacha ncha ya mviringo, lakini huunguza zikizidishwa dakika. Zijaribu kwanza kwenye mkono na usubiri siku nzima. Leza hupunguza nywele zenyewe, na kwa ngozi nyeusi uliza kliniki kabla ya kulala kitandani kama mashine yao ni leza ya aina iitwayo Nd:YAG, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, kwa kuwa mwanga wake hupita chini zaidi na kuiachia rangi ya ngozi ya juu. Wakikujibu kwamba zote ni sawa, ondoka.